Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: bei ya mali ghafi isikisiwe ofisini mwako

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha wa nchi yoyote inayoishi kwa kuuza mafuta, gesi au shaba,

Mheshimiwa, salamu. Nakuandikia mapema, vitabu vya bajeti vikiwa havijachapwa, kwa sababu kuna tarakimu moja humo ambayo wabunge wataipita bila kuiuliza: bei unayotarajia kuuzia mali ghafi yako mwaka ujao. Kodi zitabishaniwa, posho zitabishaniwa, hata magari ya serikali. Bei hiyo, ambayo ndiyo imebeba yote, itapita kimya kimya. Ombi langu ni moja tu: usiipange wewe.

Sikushuku. Ni kwamba hakuna anayeijua. Juni 2014 pipa la mafuta ya Brent, ambayo bei yake hutumiwa kama kipimo duniani, lilifika kama dola 115. Januari 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Tarehe 20 Aprili 2020, bei ya mafuta kwenye soko la mikataba la Marekani ilizama chini ya sifuri, muuzaji akawa anamlipa mnunuzi ili amwondolee mzigo. Wachumi Ron Alquist na Lutz Kilian walipozipima njia za kutabiri bei ya mafuta, waliona kuwa bei za mikataba ya baadaye, yaani ya kuuziana leo mafuta yatakayokabidhiwa siku zijazo, hazikuwa na uhakika zaidi ya kusema tu kwamba kesho itakuwa kama leo.

Basi kukosea tutakosea. Shida ni kwamba serikali hukosea upande mmoja. Jeffrey Frankel wa Chuo Kikuu cha Harvard alichunguza makisio rasmi ya nchi 33, na mwaka 2011 akaonyesha kuwa kwa wastani huegemea matumaini kupita kiasi, hasa uchumi unapokuwa umestawi. Wala si ajabu. Anayekisia bei ndiye huyo huyo anayesubiriwa mlangoni na kila wizara yenye mradi wa kuzindua kabla ya uchaguzi.

Chile, wanaouza shaba, walilikata tatizo hili kwa namna ambayo ingekuchukua wiki chache kuiga. Kiasi cha matumizi ya serikali hufuata kanuni waliyoianza 2001 na kuitia kwenye sheria 2006, na kanuni hiyo haiangalii bei ya shaba ya leo bali bei ya muda mrefu. Bei hiyo haitoki wizarani. Wataalamu huru huulizwa kila mmoja peke yake anatarajia wastani gani kwa miaka kumi ijayo. Jibu la juu kabisa na la chini kabisa hutupwa, yaliyobaki yanatafutiwa wastani. Ndiyo hivyo tu. Shaba ilipopita dola 8,000 kwa tani katikati ya 2008, waziri wa fedha Andrés Velasco alilaumiwa vikali kwa kukalia fedha. Kufika Desemba tani ilikuwa kama dola 3,000. Januari 2009, nchi nyingine zikihangaika kutafuta mikopo, serikali yake ilitangaza mpango wa kama dola bilioni 4 wa kunusuru uchumi, kutoka akiba. Kamati hiyo ya wataalamu nayo hukosea, lakini haina mradi wa kuzindua.

Kama bado hujaanza hata kuchimba, ndiyo hatari zaidi. Ghana iligundua mafuta 2007, na mwaka huo huo ikauza nje hatifungani, yaani hati ya mkopo, ya dola milioni 750. Mafuta yalianza kutoka Desemba 2010. Aprili 2015 nchi ilikuwa kwenye mpango wa mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Watafiti James Cust na David Mihalyi waliufuatilia mtindo huu katika nchi nyingi: palipo na taasisi dhaifu, ukuaji baada ya ugunduzi hubaki nyuma hata ya ule uliotabiriwa. Fedha hutumika kabla hazijazaliwa.

Halafu kuna nishati ya nyumbani, ambayo huwa inasahaulika kabisa kwenye hesabu hii. Nigeria kwa miaka mingi iliuza mafuta ghafi na kununua petroli nje. Bei ilipopaa 2022, ruzuku ya petroli nayo ilipaa na kumeza faida. Kwa hiyo bei ikiongezeka kwenye ukurasa wa mapato, iongezwe pia kwenye ukurasa wa ruzuku. Nimeona bajeti zenye bei mbili tofauti za pipa lile lile.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, teua wataalamu watano au saba wasiolipwa na wizara yako. Majibu yao yachapishwe kama yalivyo, pamoja na jedwali la makisio ya miaka kumi iliyopita na bei zilizokuja kweli. Jedwali hilo lisomwe bungeni siku ya hotuba, kabla ya ukurasa wa mapato.

Wako,
Msomaji wa vitabu vya bajeti