Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyeuliza habari za mwiko

Mdogo wangu,

Naandika hapa kwa sababu kwenye simu tunaishia kugombana, na ujumbe wangu unausoma halafu kimya. Hapa najua utapita tu. Wengine mtuvumilie.

Sina ugomvi na unachokula. Ulipoacha nyama ukabaki na samaki, mama alicheka, akasema kwa mtu wa Tanga hiyo si adhabu. Ulipokuja tena samaki nao walikuwa wametoka, mayai na maziwa yamebaki. Nikasema sawa, umekuwa kama yule Msabato wa Upare tuliyepanga naye nyumba moja. Huko kwao Usabato uliingia mwaka 1903, na alikuwa amelelewa hivyohivyo, wala hakuna aliyemshangaa. Kisha yai likaondoka. Hapo nikakufananisha na Ba wa dukani: maziwa, mtindi na samli ruksa, yai hapana. Ingawa Ba alikuzidi mbali. Yule Mjaini, wa ile dini ya Kihindi inayokataza kuua hata mdudu, hata kitunguu, viazi na karoti hagusi, kwa kuwa ukiking'oa kitu na mzizi wake umekiua chote, pamoja na vijidudu vilivyokuwa udongoni.

Halafu kimyakimya ukawa vegani. Maziwa nje, samli nje, asali nje. Nimesoma habari zao: Donald Watson na wenzake kule Uingereza waliachana na wala mboga wengine mwaka 1944 kwa sababu ya maziwa na mayai hayohayo. Lakini wao walitangaza, wakaunda na chama. Wewe hukumwambia mtu.

Siku ya arobaini ya mama, shangazi aliwaachia wapishi sufuria la pilau akaenda uani peke yake, na goti lake lile. Akakaa juu ya mbuzi, akakuna nazi, akakupikia wali na kunde kwenye kisufuria chako mwenyewe, akakufunikia na kawa. Ulipofunua ukaona punje moja ya pilau, ya kahawia, imenata ubavuni mwa wali. Ukamuuliza mbele ya wakwe na majirani waliojaa mkekani: "Mwiko ni uleule?" Shangazi akautazama ule mwiko mkononi kana kwamba ameuokota njiani. Ukasukuma sahani, ukala tende.

Ungeninong'oneza mimi. Ba alihudhuria shughuli zetu miaka yote ile, akala ndizi zake mbivu na karanga, akasifu mapishi ambayo hakuyaonja, na mpaka anahama hakuna aliyejua alikuwa hali. Yule naye alikuwa na msimamo, tena wa dini.

Umekonda, usiniambie ni baridi ya huko. Vitamini B12 haimo kwenye mchicha wala kwenye kunde, kwa hiyo meza vidonge, usione haya. Mboga za majani zikamulie ndimu. Na chai usishushie chakula papo hapo, inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, wewe ambaye damu yako ilikuwa haba tangu utotoni. Haya niliyasoma usiku, watoto wamelala, ili nijue pa kuanzia kukupikia. Kwa hiyo ukinisema kwa watu kwamba nilikutilia samli kwenye chapati, ndiyo, nilitia. Safari ya kabla ya hapo ulikula samli ukalamba vidole, ningejuaje? Nilikuwa nimetoka kuuguza, nimezika, nasimamia wapishi na wageni, na wewe umeshuka kwenye ndege usiku wa kuamkia shughuli. Tena zile chapati ulikula nne kabla hujauliza. Ya kiwanja cha Pongwe siyasemi hapa.

Desemba tunamwoza binti wa kaka, na nakutaka uwepo, usinitajie nauli. Shangazi ameniuliza mara mbili kama kashata zako za ufuta azipike kwa asali au kwa sukari. Nimemwambia sijui, na kweli sijui, maana kila mwaka una sheria mpya. Niandikie unachokula na usichokula, na kama sufuria na mwiko navyo vina masharti yake, viandike. Andika mwenyewe, kwa Kiswahili, usinitumie linki. Jibu la kashata usinipe mimi. Mpigie yeye, jioni, baada ya Magharibi ndiyo anashika simu.