Aspirini ndogo si ya watoto

Mhariri,

Mimi ni mstaafu, nakaa Chang'ombe, Dodoma. Tangu nipate shida ya moyo, daktari aliniandikia aspirini ya miligramu 75, kimoja kwa siku baada ya kula, damu isigande. Juzi nimemkuta mkwe wangu amekisaga kimoja kwenye kijiko cha chai, anataka kumnywesha mjukuu wa miaka minne mwenye homa. Muuza duka la dawa alimwambia hizi ndogo ni za watoto! Nilikimwaga. Aspirini haipewi mtoto wa chini ya miaka 16 bila daktari kuagiza. Inaweza kuleta ugonjwa wa Reye, unaodhuru ini na ubongo. Mtoto tulimpeleka zahanati, akakutwa na malaria.

Babu wa Chang'ombe, Dodoma