Ukibanwa na mkojo baharini, usione haya: ni moyo wako

"Nahodha, ngazi iko wapi?" Swali hili twalisikia karibu kila safari, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini. Mtu amekunywa kikombe kimoja cha chai, amepita msalani kabla ya kupanda mashua pale Nyali, na hajatimiza saa moja majini akitazama samaki, ashabanwa.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja na wajukuu wake. Alipobanwa mara ya pili alinivuta pembeni: "Mwanangu, hii si sukari kweli?" Nikamjibu, "Mama, bahari inakukamua tu." Alinitazama kama niliyemfanyia mzaha, kwa hiyo nikaona bora niyaandike.

Ukisimama nchi kavu, damu nyingi hutuama miguuni na tumboni. Vena ni mishipa laini, hutanuka ikapokea. Sasa ingia majini wima mpaka shingoni. Nyayo zikiwa kina cha mita 1.3, maji huzibana kwa takriban milimita 95 za zebaki, kipimo kilekile cha mashine ya presha. Vena za miguu haziwezi kuhimili mbano huo. Damu husukumwa juu kifuani, na kwa mtu mzima huongezeka huko kiasi cha mililita 700. Piga picha chupa ya soda ya nusu lita, na nyongeza juu yake, ikimiminwa kifuani kwa mkupuo.

Inapokelewa na vyumba viwili vya juu vya moyo, atria, ambavyo kuta zake ni nyembamba. Pale vena kubwa zinapoingilia pana miisho ya neva ambayo kazi yake ni kuhisi ukuta ukivutika. Chumba kikijaa, miisho hiyo hupeleka habari kwa neva ya vagasi hadi kwenye shina la ubongo. Huko ndiko zinakoongozwa neva zisizongoja amri yako, zile za mapigo, presha na figo. Shina la ubongo halijui kama uko baharini. Lililolifikia ni kwamba damu imezidi, basi linaitafutia njia ya kutokea. Neva zinazozibana figo hulegezwa, na homoni ya vasopresini, inayozuia maji yasipotee, hupunguzwa. Kibofu kinajaa nawe hujanywa kitu.

Jambo hili halikujulikana kwa siku moja. Mwaka 1915 Mwingereza Francis Bainbridge aliwaongezea mbwa maji kwenye vena akaona mapigo yao yanakwenda mbio. Mwaka 1956 watafiti Gauer na Henry walipuliza puto dogo ndani ya atriamu ya kushoto ya mbwa, na mkojo ukaongezeka. Lakini binadamu si mbwa: kwetu sisi neva peke yake hazimalizi maelezo. Mwaka 1981, huko Kanada, Adolfo de Bold na wenzake waliwadunga panya dondoo la tishu za atria, nao wakakojoa maji na chumvi kwa wingi. Kumbe ukuta wa moyo ukivutika hutoa homoni yake wenyewe! Mimi hapo ndipo hushangaa kila nikifikiria. Tumezoea kuuita moyo pampu, kumbe nao watuma barua kwa figo.

Wateja wenye saa za kupima mapigo huuliza mbona namba haipandi kama kwa mbwa wa Bainbridge. Ukitulia majini, moyo uliojaa husukuma damu nyingi kwa kila pigo, na vipima-presha vya kwenye mishipa ya shingo na kifua huuambia upunguze kasi. Amri mbili zavutana, na kwa kawaida mapigo hubaki palepale au hushuka kidogo. Wakati wa kusi, maji yakipoa, mishipa ya ngozi nayo hujikunja, damu ikazidi kwenda ndani. Ndiyo maana Julai foleni ya ngazi ni ndefu kuliko Machi.

Kubanwa si hatari. Kutoka ndiko tunakokuchunga. Ukipanda ngazi, mbano wa maji unaondoka, damu inarudi miguuni mara moja, na tayari umepoteza maji kwa mkojo. Kijana mwenye misuli ashawahi kutuangukia mashuani kwa kizunguzungu, tena alikuwa anacheka. Kwa hiyo nahodha wetu akikwambia ukae kwenye ngazi, miguu ikiwa bado majini, mpaka amalize kufunga kamba, si kwamba anakuchelewesha. Kisha utapewa maji au dafu. Kunywa hata kama huna kiu.

Mwenye moyo uliochoka, anayevimba miguu, anayeshindwa kupumua akilala chali, au anayetumia vidonge vya kupunguza maji mwilini, amwone daktari wake kwanza kabla ya kuja kwetu. Hizo mililita 700 kwa moyo dhaifu ni mzigo mzito, na hatutakuchukua kwa kuhurumia nauli. Na kama mkojo wakusumbua nchi kavu pia, pamoja na kiu isiyokatika, nenda ukapime sukari. Bahari haihusiki hapo.

Mashua yetu haina choo, tusifichane. Pitia msalani ufuoni kabla ya kupanda, hata kama huhisi haja.

Yule mama alikwenda kupima, sukari haikuonekana. Ameweka nafasi ya Jumapili hii, maji yakijaa, na ametaka akae upande wa ngazi.