Mwanangu, usiikaze penseli

Mwanangu,

Jumapili unaondoka. Babako anawaza sanduku na nauli, mimi nawaza mkono wako. Michoro uliyopelekea chuo ni mizuri, shosho ameshaionyesha ploti nzima, lakini mistari yake ni vipande vifupi vifupi. Unakaza penseli.

Ukiishika karibu na ncha kama mtu anayeandika, vidole tu ndivyo vinavyosogea. Ishike kama sentimita 8 juu ya ncha, ilale chini ya kiganja, mstari utoke begani. Tumia penseli laini, 2B au 4B. HB ni ngumu zaidi, haitoi weusi mpaka uibonyeze, na ukibonyeza umeshakaza. Ubao wa kuchorea nao uuinue, maana karatasi ikilala mezani sehemu ya juu inakuwa mbali na jicho, na nyuso zinarefuka bila wewe kujua.

Usianze na kazi ya mwalimu. Chukua karatasi ya bei rahisi, weka nukta mbili, pitisha mkono hewani kati yake mara mbili tatu, ndipo uchore kwa mpigo mmoja. Mistari kumi hivi, kisha duaradufu, yaani duara lililobanwa, ukizungusha juu ya zile zile. Halafu dakika 5 chora ukingo wa kiatu bila kutazama karatasi, jicho likitambaa kama konokono. Kitatokea kitu cha ajabu, kiache. Unapofuata ukingo hivyo hupati nafasi ya kujiuliza kama mchoro utapendeza. Bega likishuka na pumzi ikitulia, sasa anza kazi.

Simu ikae chumba kingine, nakusihi. Ukiupiga mchoro picha kabla haujaisha, unaanza kuwaza watakaoutazama, na mkono unakaza tena.

Wewe hupenda kuchora stendi nzima ya matatu. Kazi ikizidi uwezo inaleta hofu, ikiwa nyepesi mno inachosha. Chora matatu moja: kwanza umbo lake kama sanduku, kisha magurudumu, ambayo ukiyatazama kwa mshazari ni duaradufu, si duara. Maandishi ya ubavuni yangoje, hata kama ndiyo unayoyapenda. Kila dakika 20 egemeza ubao ukutani, urudi nyuma, ukunjue vidole.

Na hiyo sugu ya kidole cha kati nimeiona. Ikiuma, weka penseli chini, usijikaze.

Blanketi zito liko juu ya kabati. Mtungi wa gesi uache, dadako anautumia. Na kabla hujaondoka mlipe mama mboga shilingi 150 zake za sukuma.

Mamako