Mhariri, mbona kongoti hana katuni?

Mhariri,

Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, binti yangu wa Gredi ya 2 alirudi nyumbani na mchoro uliotiwa alama ya vema kwa kalamu nyekundu na neno "Hongera". Alikuwa amemchora dubu mweupe amesimama juu ya kipande cha barafu, machozi yakimtiririka. Nikamuuliza dubu huyo anakaa wapi.

"Kwa katuni," akanijibu.

Sisi tunakaa Korogocho. Ukiteremka kutoka kwetu unaufikia Mto Nairobi, na ng'ambo ya mto ni jaa la Dandora, lililoanza kutumika mwaka 1975, mimi sijazaliwa. Juu ya jaa hilo kongoti, wale ndege wakubwa wala mizoga, wanazunguka kutwa. Barafu pekee ambayo mtoto wangu ameigusa kwa mkono ni ile ya ndani ya friji ya duka la soda. Sina ugomvi na dubu. Barafu ya kwao inayeyuka kweli, na hata ile ya Mlima Kenya imebaki viraka. Lakini nilijiuliza imekuwaje mtoto anayenusa moshi wa Dandora kila jioni, akiambiwa achore mazingira, akasafiri kwanza hadi ncha ya dunia.

Nadhani jibu ninalo, maana nilichangia kidogo. Kazi yangu ni kuchora vibao: kinyozi, bucha, hoteli, na zamani migongo ya matatu. Mwaka juzi kikundi fulani kilinitafuta. Kilitaka katuni ya dakika 5 kuhusu mazingira, ya kuonyeshwa watoto shuleni. Nikakaa usiku mbili, nikapeleka daftari zima la kongoti. Kongoti amevaa koti, kongoti amepanda mkokoteni, kongoti anabishana na makanga wa matatu.

"Huyu ndege anatisha," nikaambiwa. "Watoto watalia. Tuwekee ndovu."

"Ndovu wa wapi?"

"Wa msituni. Awaambie watoto wasitupe taka ovyo."

Niliwachorea ndovu wao, kwani kodi ya nyumba haingoji. Walinilipa nusu, kisha kazi yenyewe ikafa kimyakimya, sijui ndovu yuko wapi leo.

Mhariri, mtu anayesema kongoti hafai kwa watoto hajawahi kumtazama pamoja na mtoto. Akisimama hufikia mita 1 na nusu, binti yangu hamfikii. Akikunjua mabawa, yanaweza kupita mita 2 na nusu. Ana upara kwa sababu hula mizoga na uchafu. Nywele za nini mahali kama hapo? Wimbo hana, hugonganisha mdomo tu kama seremala aliyekosa msumari. Na miguu yake si myeupe kama inavyoonekana. Huinyea, makusudi, ili ipoe jua linapowaka. Nilipomwambia binti yangu hilo alicheka mpaka akakaa chini. Huyo ndiye mhusika wa katuni, na isitoshe ni msafishaji wa mji asiye na mshahara.

Hata hivyo ndege si kilio changu kikubwa. Kilichonikera zaidi ni hadithi waliyoniletea. Mtoto anakula peremende, anatupa karatasi, mto unaziba, ndovu anakuja kumgombeza, mtoto anaomba msamaha, wote wanapanda mti na kuimba. Karibu kila katuni ya mazingira ninayoiona kwenye simu au televisheni ina mtoto huyo mkosaji. Mimi huyaona malori yakipita kwenda Dandora na taka za mitaa ambayo hatujawahi kualikwa. Hakuna lori hata moja nililoliona limebeba karatasi za peremende za binti yangu peke yake.

Siku moja tulitazama katuni ambayo mtoto anatia ganda la ndizi kwenye pipa la kijani na chupa kwenye pipa la buluu. Binti yangu akageuka: "Baba, yetu yako wapi?" Yetu ni gunia moja mlangoni. Vijana huja Jumamosi, hulipwa, hulibeba. Linakwenda wapi? Linavushwa mto. Katuni ile haikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu haikutengenezewa mtoto mwenye gunia.

Tena kuna lugha. "Rafiki zangu wapendwa, tuyatunze mazingira yetu." Hakuna mtoto wa Korogocho aliyewahi kumwambia mwenzake maneno hayo akiwa na afya njema.

Hadithi ambayo ningechora ni hii. Patipati (kandambili) moja ya mguu wa kushoto inachukuliwa na maji ya mvua. Sote tunakumbuka Aprili 2024, mto ulipopanda ukachukua mpaka vitanda, kwa hiyo hakuna mtoto mtaani atakayeuliza patipati iliponyokaje. Kongoti anaiona, anadhani ni samaki, anaifuata. Wakianza safari, maji yanawasimulia yalikotoka: kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu, ambako mto huu unaanza. Jina lenyewe la Nairobi limetokana na Kimaasai, maana yake maji baridi. Kisha patipati inashuka. Mto wetu unaingia Athi, unapita maporomoko ya Fourteen Falls, mbele huko unaitwa Galana na kukata Tsavo Mashariki, halafu unaitwa Sabaki na kumwagika Bahari ya Hindi karibu na Malindi.

Umeona, Mhariri? Tsavo! Wangeningoja kidogo tu ningewafikisha kwa ndovu wao. Na ndovu huyo asingekuja kutugombeza sisi, angekuwa amesimama kando ya Galana anayatazama maji yaliyopitia kwetu, akijiuliza kabla ya kutia mkonga. Hapo mtoto ana la kufikiri, bila mtu kumuimbia. Na pwani hadithi haifii kwenye huzuni, kwa sababu mafundi wa Lamu walishaunda jahazi zima kwa plastiki iliyookotwa, Flipflopi, likazinduliwa mwaka 2018 likiwa limevalishwa patipati za kila rangi, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Patipati yetu ya kushoto ingepata kazi huko.

Najua swali la pesa litafuata. Katuni ya kuchorwa kwa mkono mara nyingi hutaka picha 12 kwa kila sekunde, kila moja ikionyeshwa mara mbili. Dakika 5 ni sekunde 300, yaani michoro 3,600. Kibao kimoja cha kinyozi hunichukua siku nzima. Lakini siku hizi unachora mguu mara moja, kompyuta inaukunja gotini. Kuna programu kama Blender ambayo haiuzwi, unaipakua bure. Filamu ndefu ya katuni iliyopata Oscar mwaka 2025, Flow, ilitengenezwa kwa programu hiyohiyo, na mwongozaji wake anatoka Latvia, nchi yenye watu wasiofika milioni 2. Nairobi peke yake, kwa sensa ya 2019, ina zaidi ya milioni 4. Vijana wanaojua kuchora nawaona kila siku kwenye karakana za matatu. Wanapamba mabasi kwa nyuso za wanasoka wa Ulaya kwa sababu hicho ndicho wanacholipiwa.

Ombi langu kwako ni dogo. Kwenye ukurasa wenu wa watoto nitengee nafasi ya upana wa vidole vinne, mara moja kwa wiki, picha nne zisizosogea. Patipati itashuka daraja moja kila wiki, na wasomaji wanaokaa kando ya mto, kuanzia Kikuyu hadi Malindi, watuandikie inakopita kuna nini ili nisichore uongo.

Wiki ya kwanza iko tayari. Kongoti nimemchora mimi, binti yangu amempaka rangi. Miguu ameiacha nyeupe, na sababu ya weupe huo ameshalisimulia darasa zima. Mwalimu ameniita Ijumaa.

Mchoraji wa vibao,
Korogocho, Nairobi