Majaji wateuliwe kwa wakati, walipiwe kwa wakati

Mhariri,

Hapa Mombasa kesi ikiahirishwa, wa kwanza kulaumiwa ni jaji. Ndiye tunayemwona kitini. Aliyeikalia orodha ya majaji wapya hatumwoni, wala aliyepunguza fedha za mahakama, na mimi naona hao ndio wanaostahili kuulizwa.

Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilipendekeza majaji 41: 11 wa Mahakama ya Rufaa, 10 wa Mahakama ya Ajira na 20 wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kifungu cha 166 cha Katiba kinasema Rais atawateua majaji kulingana na mapendekezo ya Tume. Hakikumpa kazi ya kuchuja. Kuchuja hufanywa na Tume yenyewe, ambamo mna majaji, hakimu, mawakili, Mwanasheria Mkuu na wawakilishi wa wananchi, na mahojiano hufanywa hadharani. Mwenye neno dhidi ya mwombaji alipeleke huko.

Rais Uhuru Kenyatta alikataa kuwateua. Mahakama Kuu iliamua Februari 2020 kwamba hana hiari katika jambo hilo, lakini orodha ilikaa tu hadi Juni 2021, alipoteua 34. Mmoja alikuwa ameshafariki. Sita waliobaki waliapishwa Septemba 2022, baada ya Rais William Ruto kuingia madarakani.

Majaji 20 wa ardhi! Mtu wa bara huenda akaipita hesabu hiyo bila kushtuka. Sisi wa Pwani hatuwezi. Huku tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908 kuna familia zinazoishi juu ya ardhi ya mababu zao zikiitwa maskwota, na wenye hati wako mbali. Kesi za namna hiyo zina wazee ndani yake, na mzee ndiye shahidi anayejua mpaka ulipita wapi na nani alizikwa chini ya mbuyu upi. Akifariki kabla ya kusikizwa, ushahidi wake umekwenda naye, hata ukiletwa jaji hodari namna gani. Kwa hiyo miaka ile ya kusubiri haikuwa ugomvi wa wakubwa wa Nairobi peke yao.

Kuhusu fedha, Katiba iko wazi vilevile. Kifungu cha 173 kimeanzisha Mfuko wa Mahakama: Msajili Mkuu wa Mahakama aandae makadirio, Bunge la Taifa liyaidhinishe, fedha ziingie moja kwa moja. Katiba ni ya 2010, sheria ya kuendesha mfuko huo ikaja 2016, na mfuko ukaanza kazi 2022. Katikati hapo, Novemba 2019, Jaji Mkuu David Maraga alilazimika kusimama mbele ya taifa kulalamika kwamba bajeti imekatwa na mahakama za kuhamahama, zile zinazowafuata wananchi walio mbali, zinasimama. Kiongozi wa mhimili mzima wa dola hakupaswa kufikishwa hapo.

Na mfuko si dawa ikiwa kinachoingia ni kidogo. Fedha hizo ndizo zinazoajiri makarani, zinazonunua mafuta ya gari la mahakama, zinazomlipa wakili wa mshtakiwa asiye na uwezo. Mahakama ya Kadhi, ambako mjane wa Kisauni au Majengo hufuata mirathi yake, nayo hula chungu hicho hicho.

Nawaomba wabunge wetu wa Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu mambo mawili. Kwanza, makadirio ya Mahakama yakifika Bungeni kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai, wasiyaache yapunguzwe wakiwa wamenyamaza, na kura zao tuzijue. Pili, kifungu cha 166 hakisemi Rais ateue ndani ya siku ngapi. Walete mswada wa kuweka kikomo, na siku hizo zikipita, Jaji Mkuu awaapishe waliopendekezwa.

Mkazi wa Kisauni,
Mombasa