Mutoto abatizwe ao abarikiwe? Na kuko siri moja ya mama yangu

Jambo mama mushauri, na ninyi bote benye munasoma,

Niko mama wa mutoto moja, binti, ametimiza miezi tano, tunaishi Kadutu hapa Bukavu. Mimi nilikomalia mu kanisa katoliki, baba yangu njo mukubwa wa shirika yetu, bwana yangu ni mupentekoste na familia yake yote ya Uvira ni batu ba maombi. Wakati wa kuoana tulisema kila mutu abakie mu kanisa yake, mambo ya batoto tutaona mbele. Sasa mbele imefika.

Mwezi yenye ilipita familia zote mbili zilikaa mu salo yetu, mvua inapiga mabati mupaka tunaongea kwa nguvu. Baba mudogo wa bwana yangu akavaa lunete akasoma Marko 16:16, aaminiye na kubatizwa ataokoka, akasema muone, kuamini inatangulia, huyu mutoto anaamini nini kama si ziwa ya mama yake? Baba yangu naye akafungua Matendo 16, mulinzi wa gereza ya Filipi, alibatizwa usiku ule ule yeye na batu bake bote, akauliza mu ile nyumba yote hakukuwa hata bebe moja? Baba mudogo akamuambia ashuke mustari moja tu, wa 34, nyumba yote ilifurahi maana "amekwisha kumwamini Mungu". Baba akaruka: amekwisha, si wamekwisha! Ni mutu moja njo aliamini! Balizozana juu ya ile neno moja mupaka chai ikapoa, na mimi nilikuwa naona bote biko na haki.

Kisha ikakuja Marko 10, waacheni watoto wadogo waje kwangu. Kwa baba yangu ile inamaanisha musibakataze mubatizo. Kwa baba mudogo inamaanisha kinyume, juu Yesu alibakumbatia akabawekea mikono akababariki, hapo hakuna maji, njo maana kwabo banabariki mutoto na kungoja akomale.

Nilizani ni vita ya katoliki na protestanti. Lakini yaya yangu wa Lubumbashi, aliolewa na mumetodisti, nabo ni baprotestanti, akanitumia audio ku WhatsApp: batoto bake bote balibatizwa bakiwa badogo. Akasema Luther mwenyewe, mwenye alianzisha uprotestanti, hakuacha kubatiza batoto, bale benye balikataa balianza Zurich mu 1525, balibatizana tena bakiwa bakubwa, na Baprotestanti bengine balibatesa sana. Tena baorthodoksi banazamisha bebe mara tatu na kumupa komunio siku ile ile, kumbe sisi bakatoliki tunangoja mutoto afikie kama miaka saba! Bwana yangu alisikiliza ile audio mara mbili, akanyamaza.

Sasa siri. Mutoto akiwa na miezi mbili alipata homa na degedege usiku, bwana yangu alikuwa safari, tukabeba mutoto mbio ku hospitali. Alipona, tunashukuru Mungu. Lakini juzi mama ananiambia polepole tukitoa samaki sambaza matumbo, eti ile usiku mbele ya kutoka alimumwangia maji ku kichwa na kusema kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, juu aliona anaenda kufa. Nikauliza katekista bila kutaja jina, akasema ile ni mubatizo kamili, mutu yeyote anaweza kuifanya kama mutoto eko karibu kufa, na hairudiliwe, inabakia tu kwenda ku parokia baandike mu kitabu na kumupaka mafuta ya krisma.

Kwa hiyo tunazozana juu ya kitu chenye kilikwisha fanyika! Ku kanisa ya bwana yangu batasema ni maji tu, mama alimunawisha uso, na akikomala batamuzamisha mu ziwa, na kwetu ile ni kurudilia kitu chenye hakirudiliwe.

Siku ya mungu yenye inakuja njo kumubariki ku kanisa ya baba yake. Mimi sikatai, baraka haiumize mutu. Shida ni kama bwana yangu atasikia ile ya maji, na mama yangu mumemujua namna gani, mudomo haina kifungo. Kanzu nyeupe ya mubatizo amekwisha kuishonesha, iko mu valizi yangu chini ya vitenge.

Nimuambie bwana yangu mbele ya siku ya mungu ao kisha? Na nimuambie mimi, ao nimuache mama aseme mwenyewe mbele ya baba mudogo?

Mama Bebe, Bukavu